Hewa Nyepesi, Mchanga na Pistoni Chakavu

Hewa ya Nairobi ni nyepesi. Jiji limekaa karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na turbo ikivuta pumzi hapa hupata hewa pungufu kwa takriban sehemu moja ya sita kuliko ambayo ingepata Mombasa. Datsun 1600 SSS, ambayo kiwanda kiliitangaza kuwa na nguvu za farasi 109, huku kwetu hubaki na 90 na kidogo, hata kama haina ugonjwa wowote. Wenye magari haya ya zamani hulaumu kabureta, hulaumu plagi, hulaumu mafuta ya kituo fulani. Gari lao ni zima. Hewa ndiyo imepungua.

Sehemu kubwa ya maisha yangu ya karakana nimeitumia kutengeneza kwa mkono vipuri vya kuipa injini hiyo nguvu: manifoldi ya kuingizia hewa, mabomba ya ekzosi, sanduku la chujio, shimu za kamshafti. Watu huniuliza kwa nini nisiagize tu Uingereza au Australia, ambako vitu hivyo vinauzwa vikiwa vimekamilika na kung'arishwa. Vingine naagiza, na nitavitaja. Lakini kipuri kilichobuniwa kwa ajili ya barabara za Kent kimejibu maswali ya Kent. Sisi tuna hewa nyepesi, vumbi la murram, jua la utosini, na barabara inayoshuka kutoka nyanda za juu hadi baharini katika siku moja. Maswali hayo anayaweza zaidi fundi anayeishi nayo.

Aliyenifunza hivyo ni mjomba wangu, ndugu wa mama, mzaliwa wa Mombasa aliyepanda bara akiwa kijana na kuajiriwa kwenye gereji moja nyuma ya Barabara ya Kirinyaga, mtaa ambao mafundi hadi leo wanauita Grogan. Zilikuwa enzi za mbio za magari za Safari. Mbio zile zilianza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia wa Uingereza, na kufikia miaka ya sitini zilikuwa zimekuwa mtihani ambao viwanda vya dunia nzima viliuogopa. Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, alishinda mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404. Mwaka 1968 mvua iliharibu njia hata yakamaliza magari saba tu, na mbele yao wote ikawa 404 nyingine, ya Nick Nowicki na Paddy Cliff. Kisha zikaja Datsun: Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda kwa 1600 SSS mwaka 1970, wakarudia kwa 240Z mwaka 1971, na Shekhar Mehta akaendeleza kazi hiyo hadi akawa na ushindi mara tano.

Mjomba aliwaheshimu wote hao, lakini aliyempenda ni Joginder Singh. Sababu yake ilikuwa moja: Joginder alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva. Alikulia Kericho kwenye gereji ya baba yake, na mwaka 1965 yeye na nduguye Jaswant walishinda kwa Volvo PV544 iliyokuwa imekwisha kutumika, iliyoandaliwa kwa mikono yao wenyewe. "Yule anasikia gari," mjomba alikuwa akisema, "kwa sababu anajua kila kilichomo ndani amekigusa." Pasaka, msimu wa mbio hizo, ilipofika tulisimama kando ya njia na watu wengine, vumbi likitujaa masikioni, na wakati wenzangu walikuwa wakitazama rangi na namba, mimi nilifundishwa kusikiliza: hii inapumua vizuri, hii mchanganyiko wake mzito, ile cheni yake imelegea.

Neno lake la kwanza katika kazi, nalo nimelikuta kuwa kweli kila mara, ni kwamba injini haiongezewi nguvu. Nguvu imo tayari ndani ya mafuta. Inazuiwa mahali, na fundi huitafuta pale ilipozuiwa. "Mjomba," alikuwa akiniambia, maana tuliitana hivyo pande zote mbili, "usinunue kitu kabla hujajua imekabwa wapi." Kwa hiyo kazi ya vipuri vya nyumbani huanza kwa kupima, na kupima kwetu hakukuhitaji vyombo vya gharama. Tuliweka hedi juu ya meza ikiwa imegeuzwa, valvu zimefungwa, tukapaka grisi kidogo ukingoni, tukafunika chumba cha moto kwa kipande cha plastiki angavu chenye tundu dogo, kisha tukajaza mafuta ya taa kwa bomba la sindano kubwa lililonunuliwa duka la dawa. Kiasi kilichoingia hadi kiputo cha mwisho kitoweke ndicho ujazo wa chumba. Vyumba vinne mara chache hulingana. Kile chenye ujazo mkubwa kilikuwa kipimo, na vingine tulivikwangua kidogo kidogo hadi vikalingana nacho, bila kukwangua zaidi ya inavyohitajika.

Silinda moja ya L16, injini ya Datsun hiyo, ina kipenyo cha milimita 83 na mwendo wa pistoni wa milimita 73.7, yaani sentimita za ujazo 399. Ukitaka mgandamizo wa 9.5 kwa 1, kama ulivyotoka kiwandani, nafasi yote inayobaki juu ya pistoni iwe 47. Ukitaka 10.5, iwe 42. Hapa ndipo mahali petu panapoanza kusema. Kwa hewa ya Nairobi, mgandamizo wa 10.5 hauna tabu: silinda haijazwi kikamilifu, kwa hiyo shinikizo la mwisho halifiki kiwango cha kufanya mafuta yalipuke kabla ya wakati. Vitabu vya nje huonya juu ya namba hiyo kwa petroli ya kawaida, na kwa msomaji wa pwani vinaonya vyema. Gari hilohilo likishuka Mombasa litajazwa hewa nzito na ya moto, na utasikia mlio wa kokoto ndani ya injini kila unapokanyaga mafuta ukiwa gia ya juu. Mjomba alikuwa mtu wa pwani na alitaka kwenda kwao kwa gari lake. Akachagua 10. Alipoteza nguvu kidogo Nairobi ili asiharibu pistoni Mariakani. Uamuzi huo nauhesabu miongoni mwa masomo makubwa niliyopata, na sijawahi kuukuta umeandikwa.

Hedi ikishachongwa ili kupata mgandamizo huo, hata kama ni chini ya milimita moja, mambo mengine matatu husogea pamoja nayo. Kamshafti ya L16 iko juu na inavutwa na cheni, kwa hiyo ukiishusha hedi, cheni inalegea na valvu zinachelewa kufunguka. Wajapani waliliona hilo, ndiyo maana gurudumu la kamshafti lina tundu tatu za kupangia upya. Mafundi makini huongeza shimu chini ya mihimili inayobeba kamshafti ili kuirudisha mahali pake; tulizikata kwa mkasi kutoka bamba jembamba la chuma, na kila moja ikatobolewa sawasawa na muhimili wake, kwa maana mafuta ya kulainisha hupitia humo kwenda juu. Tundu moja likizibwa, kamshafti inakauka. Jambo la tatu ni nafasi kati ya valvu na pistoni. Hapo tulibandika plastisini ya watoto juu ya pistoni, tukafunga hedi, tukazungusha injini kwa mkono duru mbili, tukafungua tena, tukaikata plastisini kwa wembe na kupima unene ulioachwa. Valvu ya kuingiza hewa tulitaka iachiwe angalau milimita 2, na ya kutolea moshi zaidi ya hapo, kwa kuwa inapashwa moto na kurefuka.

Lakini kazi niliyoipenda kuliko zote ni kusubu manifoldi.

Nilitaka kuweka kabureta mbili za Weber 40 DCOE, zile zinazolala ubavu, kila silinda iwe na koo lake. Manifoldi zilizokuwa zikipatikana nje zilikuwa fupi. Njia fupi husaidia injini inayozunguka kasi sana, ya mashindano ya kwenye uwanja wa lami. Gari letu kazi yake ilikuwa kupanda: kutoka Mai Mahiu kwenda juu, kutoka Voi kurudi nyumbani. Lilihitaji nguvu katika mizunguko ya kati, kati ya 3,000 na 4,500 kwa dakika, na kwa hilo njia ya hewa inapaswa kuwa ndefu. Basi tukaichora wenyewe, na mchoro tukaupeleka Kariobangi, eneo la viwanda vidogo, kwa fundi aliyekuwa akisubu sufuria na magurudumu ya mikanda ya posho mill.

Mzee yule hakuwa amewahi kuona kabureta ya Weber, wala hakuhitaji. Aliishika ile hedi, akaingiza kidole ndani ya kila njia, akauliza swali moja tu: "Ndani kuwe laini kiasi gani?" Nikajua tumefika kwa mtu.

Mfano tuliuchonga kwa mbao za mkangazi, na hapa kuna hesabu isiyosamehe. Alumini ikipoa hupungua karibu milimita 13 kwa kila mita. Kitu cha sentimita 40 kitapungua milimita 5, na manifoldi ambayo tundu zake za bolti zimehama milimita 5 ni chuma chakavu tena. Mfano ulichongwa mkubwa kuliko kipuri kwa kiwango hicho, na sehemu zote za kukerezwa zikaongezewa nyama. Njia ya hewa iliyo wazi ndani hupatikana kwa kutumia kiini cha mchanga, kinacholazwa katikati ya kalibu na kuvunjwa baadaye. Kukishikamanisha kiini, mzee alitumia molasi, ileile wafugaji wanayowachanganyia ng'ombe, akakichoma kwenye oveni hadi kikawa cha hudhurungi na kigumu. Kabla ya kukichoma alikuwa amekipitishia waya katikati kutoka ncha hadi ncha, ili kuacha njia ya hewa. Molasi ikikutana na alumini ya moto hutoa gesi, na gesi isiyo na pa kutokea huingia kwenye chuma na kuacha mashimo.

Kuhusu chuma chenyewe alikuwa na msimamo ambao nimekuja kuelewa sayansi yake baadaye sana. Sufuria hakuzitaka. Fremu za madirisha hakuzitaka. Alitaka pistoni. Alumini ya pistoni ina silikoni nyingi, mara nyingi karibu asilimia 12, na silikoni hiyo hufanya mambo mawili anayoyataka msubuji: huteremsha joto la kuyeyuka, kutoka nyuzi 660 za alumini safi hadi takriban 577, na huifanya itiririke hadi kwenye kona nyembamba za kalibu kabla haijaganda. Pistoni za malori zilikuwa bora kwa wingi wake, ila nyingi za dizeli zina pete ya chuma kigumu iliyofungwa kwenye mfereji wa kwanza. Pete hiyo haiyeyuki katika joto lile. Mzee aliziopoa kwa koleo moja baada ya nyingine, haraka, kabla chuma hakijaanza kuingia kwenye alumini na kuifanya iwe dhaifu. Na kulikuwa na kitu kimoja alichokikataza kisikaribie tanuri lake: vipande vya kasha la injini ya Volkswagen ya kobe. Vile vimetengenezwa kwa aloi ya magnesiamu. Vikishika moto havizimwi kwa maji. Maji huwa kuni.

Tanuri liliwaka kwa oili chafu iliyosukumwa na feni. Kila kilichogusa chuma cha moto kilipashwa kwanza, hata fimbo ya kukorogea, kwani tone moja la unyevu chini ya alumini iliyoyeyuka hugeuka mvuke kwa kishindo na kumwaga moto usoni mwa watu. Mchanga wenyewe una unyevu kidogo unaoshikamanisha udongo wake, na kipimo cha unyevu huo mzee alikitoa kwa ngumi: alifinya mchanga, akauvunja katikati, akatazama kama ukingo umekatika safi. Alimimina kwa mkono mmoja usiotetemeka, bila kusita, bila kukatiza, hadi chuma kikajitokeza kwenye kisima cha akiba upande wa pili. Kisima hicho ni tundu pana lililoachwa juu ya sehemu nene. Sehemu nene hupoa mwisho, na inapojikaza huvuta chuma kutoka hapo. Bila kisima ingejivuta yenyewe na kupasuka ndani.

Tulipoivunja kalibu asubuhi iliyofuata, tulikata milango ya kumiminia kwa msumeno, tukatoa kiini kwa kugonga taratibu, tukaziba njia za upande mmoja kwa mbao na mpira. Nje tukapaka chokaa ya ubao iliyochanganywa na maji, tukaiacha ikauke. Ndani tukamimina mafuta ya taa. Mafuta ya taa hupenya mahali ambapo maji hayafiki, na penye tundu hata dogo la sindano chokaa hulowa na kugeuka rangi. Ndiyo njia ya kujua kama kipuri kinafaa bila mashine ya eksirei, na siku hizi ninapomwona kijana akisifia kitu kilichosubiwa kwa kukitazama tu juu juu, humpelekea chokaa na chupa ya mafuta ya taa.

Kukereza uso wa kukaa kwenye hedi tulimpa mtu mwenye mashine kubwa. Kulinganisha njia za manifoldi na njia za hedi tulifanya wenyewe kwa tupa za mviringo na msasa uliozungushwa kwenye kijiti, tukitumia gasketi kama ramani. Hatukung'arisha hadi ikawa kioo. Uso wenye mkwaruzo mdogo huzuia petroli isijikusanye ukutani na kuteremka kama matone, jambo linalodhuru zaidi injini inapokuwa baridi asubuhi za Julai.

Sanduku la hewa ni habari fupi, lakini bila yake yote yaliyotangulia ni bure. Picha za magari ya mashindano ya Ulaya huonyesha kabureta zenye tarumbeta za wazi, zinazong'aa. Kwenye murram, tarumbeta ya wazi ni kifo. Vumbi letu limejaa chembe ngumu za mchanga, na zikipita kwenye koo la kabureta zinasugua pete za pistoni na kuta za silinda kama msasa. Peugeot walielewa, 404 na 504 zilizouzwa nchi za vumbi zilipata vichujio vya bakuli la oili. Sisi tulikwenda Kamukunji kwa fundi wa masanduku ya shule, yale ya bati ambayo kila mtoto wa bweni amewahi kuyaburuta. Alikunja sanduku la alumini lenye mikunjo iliyofungana bila hata chembe ya mwanga kupita, na likatoshea vichujio viwili vya lori. Nimeona masanduku ya hewa ya bei kali kutoka ng'ambo. Hakuna lililokunjwa vizuri zaidi.

Ekzosi ilitupa taabu ya aina nyingine. Kwenye L16, hewa huingia na moshi hutoka upande uleule wa hedi, kwa hiyo kabureta hukaa moja kwa moja juu ya mabomba ya moto. Tulichomelea mabomba manne yaungane mawili mawili, silinda ya 1 na ya 4, ya 2 na ya 3, kisha yote kuwa moja, kufuatana na mpangilio wa kuwaka wa 1-3-4-2, ili msukumo wa silinda moja usimrudie jirani yake. Kukunja tulijaza mchanga mkavu, tukaziba ncha, tukapasha kwa gesi na kuvuta polepole. Mchanga huzuia bomba lisisinyae kwenye kona. Mabomba yalitoka mazuri. Lakini joto lake, gari likisimama kwenye foleni ya Changamwe saa nane mchana, lingechemsha petroli ndani ya kabureta. Bamba la alumini lenye tabaka mbili na nafasi ya hewa katikati, lililofungwa chini ya kabureta kwa upana wote, ndilo lililotuwezesha kuingia mjini bila kufungua boneti. Wanaojenga magari haya England huliona bamba hilo kuwa ziada. Huku ni sehemu ya injini.

Na kisha ni barabara yenyewe. Kabureta hupima mafuta kwa mwendo wa hewa, wala haijui uzito wake. Juu, hewa ikiwa nyepesi, hutoa mafuta mengi kupita kiasi. Chini, ileile hutoa machache. Kwa venturi ya milimita 32, kanuni ya mafundi ya kuzidisha mara nne inakupa jeti kuu ya karibu 128. Pwani tulitumia 130, Nairobi 125. Tofauti hiyo huonekana ndogo, lakini ukishuka na jeti ya Nairobi hadi Mombasa, mchanganyiko unakuwa mkavu, joto linapanda, na pamoja na mgandamizo ulioongezwa una kila kinachohitajika kutoboa pistoni. Kwa hiyo tulisimama Mtito Andei, katikati ya safari. Mjomba alifungua vifuniko vya kabureta, akabadili jeti, akalegeza distributa na kuirudisha nyuma nyuzi chache, kwa kuwa hewa nzito huwaka haraka na haitaki cheche ya mapema. Jeti alizibeba kwenye kopo dogo la pipi, zimefungwa kwa karatasi zenye namba. Madereva wa malori waliokuwa wakinywa chai walidhani tumeharibikiwa na wakaja kusaidia. Alipowaeleza, mmoja wao, mtu mzima, alisema kwamba lori lake pia hubadilika tabia baada ya pale na hakuwahi kupata wa kumweleza kwa nini. Walikaa wakizungumza hadi chai ikapoa.

Nilisema kuna ninavyoagiza. Springi za valvu siundi, wala fito za pistoni, wala bolti za fito, wala chochote cha breki. Springi hutaka chuma ambacho usafi wake siwezi kuuhakikisha, na katika mizunguko 6,500 kwa dakika kasoro isiyoonekana itaangusha valvu ndani ya silinda. Mpaka kati ya kipuri cha nyumbani na kile cha kununua nauweka hapo: kikiharibika, je, nitasimama kando ya barabara, au nitagonga watu? Manifoldi ikipasuka, gari linakoroma na kuzimika. Breki haitoi nafasi hiyo. Vijana wengine huona mpaka huu ni woga. Nimewaambia wote wanaopita karakana yangu kwamba hautahama.

Nina wasiwasi wangu kuhusu kazi hii, nami nausema wazi. Tangu mwaka 2003, mbio za Safari za magari ya kale zimerudisha Datsun, Peugeot na Escort barabarani, na kila mwaka maonyesho ya Concours pale Ngong Racecourse huleta magari ambayo watu walidhani yameozea mashambani. Fedha ipo, na hamu ipo. Lakini mengi ya magari hayo hufika na vipuri vya kontena, na fundi wa Kariobangi anaitwa tu kufunga bolti. Ujuzi wa molasi, wa ngumi ya mchanga, wa kuchagua pistoni hauko kwenye kontena lolote. Mzee aliyetusubia alikuwa na kila kitu kichwani. Nilimwomba ruhusa ya kuandika alichonionyesha, na akakubali kwa sharti kwamba nisiandike akiwa anafanya kazi, kwa sababu aliyeshika kalamu hashiki koleo. Daftari hilo sasa lina vipimo vya mifano, viwango vya kupungua, jeti za kila mwinuko tuliowahi kupitia, na majina ya miti iliyofaa kuchongwa. Nimelinakili na kulitoa kwa yeyote anayeuliza, kwa kuwa sijui fundi hata mmoja aliyepoteza riziki kwa sababu mwenziwe alijifunza.

Mwana wa mzee yule ndiye anayesubu siku hizi. Mwezi uliopita alimpokea binti mmoja mwenye Datsun 160J ya marehemu babu yake, injini ileile ya L16, ambaye alikuja na mfano wake mwenyewe, umechapwa kwa plastiki kutoka kwenye kompyuta, na hesabu ya kupungua akaiweka sawasawa bila kuambiwa na mtu. Njia zake za hewa ni fupi kuliko zangu kwa sentimita kadhaa. Anasema kamshafti yake inafungua valvu kwa muda mrefu zaidi, kwa hiyo urefu wangu haumfai. Mimi nasema kwa mlima wa Mai Mahiu atajuta. Tumekubaliana mwana wa mzee asubu zote mbili, binti afunge moja, apande, ashuke, afunge ya pili, apande tena na jeti zilezile, na saa ishikwe na mtu wa tatu.